Maji Ambayo Daudi Hakuyanywa

Somo: 2 Samweli 23:13-17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mnaukumbuka mgao wa Oktoba 2022. Mvua zilikuwa zimegoma, Mto Ruvu ukapungua kina, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, hapakuwa na mtaa wa kukimbilia. Kwetu tulilala koki ikiwa wazi na ndoo chini yake. Saa nane usiku bomba linaanza kukohoa upepo, kisha yanakuja maji ya rangi ya chai, kisha maji yenyewe. Mama mwenye nyumba anapita akigonga milango: "Amkeni, yametoka!" Tulikinga kwa kila chombo, mpaka masufuria ya shughuli.

Siku zile nimezikumbuka nikisoma habari ya Daudi. Yumo pangoni Adulamu, ni wakati wa mavuno, kiu imembana, anatamani maji ya kisima cha langoni Bethlehemu. Wafilisti wako huko. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya jeshi, wanateka maji, wanamletea. Naye anakataa kuyanywa, anayamimina mbele za Bwana, kwa maana kwake hayo ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Kwa miaka mingi habari hii ilinisumbua. Maji yaliyopatikana kwa shida namna ile yamwagwe chini! Mtu aliyewahi kupanga foleni na dumu hawezi kuisoma bila kuguna. Lakini Daudi hakuyadharau. Alipoinamia kile chombo aliwaona watu ndani yake, ndipo akashindwa kuyanywa kana kwamba yamejileta.

Sisi tukifungua koki tunamwona nani? Maji ya Ruvu yanaanzia kwenye vijito vya Milima ya Uluguru, kule Morogoro. Yuko mkulima anayelima mteremkoni. Akikata miti na kulima bila matuta, mvua inashuka na udongo wake mpaka mtoni. Akiacha miti na kuchimba matuta, mvua inazama ardhini, na kijito kinaendelea kutiririka hata kiangazi. Jasho la mtu huyo limo kwenye chai uliyokunywa leo. Limo pia la kijana wa mkokoteni anayepandisha madumu vilima vya Kimara, ambaye wengi wetu tunajua bei yake tu, jina hatujamuuliza.

Maji yenyewe si mengi kama yanavyoonekana. Karibu asilimia 97.5 ya maji ya dunia ni ya chumvi. Yale matamu ni asilimia 2.5 hivi, na sehemu yake kubwa imeganda kuwa barafu. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili: bahari ipo hapo mbele, na kisima cha jirani kina chumvi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji yaliyo salama. Na katika maji matamu tunayoyachota duniani, karibu asilimia 70 huenda kwenye kilimo. Basi hata wali unaotupwa jalalani baada ya sherehe zetu (na sherehe za kanisa zimo) umebeba maji ya mtu.

Inawezekana kubadilika. Mwaka 2018 Cape Town ilipokaribia kukaukiwa, kila mtu alitakiwa atumie lita 50 kwa siku, yaani madumu mawili na nusu, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Walijibana, na mabomba hayakufungwa.

Sasa la kwetu. Koki ya nyuma ya kanisa inavuja tangu Pasaka, na sote tunapita hapo tukienda kunawa. Jumatano baada ya maombi, saa moja jioni, niliitegea ndoo ya lita 20. Nilipopita alfajiri ilikuwa imejaa na inamwagikia pembeni. Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya lita 600. Nilisimama pale nikasali, nikaomba msamaha kwa ajili yangu kwanza.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane hapo. Raba ya koki nimeshanunua. Mwenye spana aje nayo.