Nguzo ya Barabara ya Kumi

Machi 2022, miezi michache kabla ya sensa, kazi ya anwani za makazi ilifika Ngamiani, mjini Tanga, na kundi letu likapewa kusimika nguzo za vibao vya barabara za namba. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa: kuna ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ng'ambo ya reli, upande wa bandarini, barabara zina majina, na majina hufuata watawala. Barabara ya Uhuru isingeitwa hivyo kabla ya 1961. Reli yenyewe, iliyoanza kujengwa hapa 1893, ndiyo mpaka wa tabia hizo mbili.

Asubuhi ile tulikuwa kona ya Barabara ya Kumi. Shimo la sentimita 60 lilikuwa limeshachimbwa, bomba la inchi 2 limelala pembeni, na mzee mmoja kibarazani anatutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnatupa jina gani?"

Kijana wetu akamwambia bado liko mezani, huenda likawa la mtu.

"La mtu? Leo huyu, kesho yule. Kumi imewaona wote hao. Andikeni kumi."

Hoja yake ilikuwa na uzito, ila nyumba nazo zina namba: witiri mkono wa kushoto, shufwa wa kulia. Ukiandika "10, 10" bodaboda atapotea. Ndiyo maana kibao cha nguzoni kiliandikwa kwa maneno, Barabara ya Kumi, na tarakimu zikabaki milangoni.

Bomba tulilichomelea vipande viwili vya nondo chini, vikakaa kama msalaba. Bila hivyo watoto hulizungusha, na kibao kikigeuka robo tu, Barabara ya Kumi inaelekezwa uchochoroni. Rangi ya kuzuia kutu tulipaka mikono miwili, hasa pale bomba linapotoka kwenye zege, kwa sababu hapo ndipo kutu huanza. Juu tuliliziba, mvua isiliozeshe kwa ndani.

Zege lilikuwa saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga wa mtoni, si wa ufukweni. Chumvi hula chuma, na upepo wa Tanga unayo ya kutosha. Tukapima wima kwa pima maji pande mbili, tukapandisha zege kidogo shingoni ili maji yateremke, tukafunika gunia bichi la katani.

Kibao hatukukifunga siku hiyo. Zege changa likibeba kibao, upepo wa alasiri huiinamisha nguzo, na kuinyoosha baadaye ni kuchimba upya. Kesho yake tulikifunga kwa boliti, tukazigonga ncha kwa nyundo zisifunguke. Zikiachwa nzima, kibao kinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.