Kabla ukubali keloidi ikatwe, uliza baada ya kukata ni nini

Watu hupenda kuniuliza kama keloidi, yaani kovu lenye huendelea kuota na kuvimba hata kidonda kikishapona, inauma na huwa nawajibu ndio, saa zingine inauma, lakini hakuna mwenye huuliza kama inawasha na kuwasha ndio shida yenyewe. Ya kifua hasa. Saa nane mchana jua la Kisumu limeshika, jasho limeingia chini ya blauzi, hapo ndio inaanza, na hii si ile ya kujikuna mara moja ukasahau, unakuna juu na yenyewe iko ndani huko chini, ukizidisha inabaki ikichoma hadi jioni. Niko na cherehani yangu soko la Kibuye na wateja wameshazoea kunikuta nimeweka kitambaa cha maji baridi kifuani nikiendelea kushona. Kuna mama mmoja aliniuliza kama niko na presha.

Ninazo tatu. Ya kifua ilitokana na chunusi, chunusi tu ya kawaida nikiwa sekondari, sikuiminya wala nini, ilipona vizuri halafu miezi baadaye pale pale pakaanza kuinuka. Ya sikio ni ya kutoboa. Ya bega ni tetekuwanga, vidonda vingine vyote vilipotea bila alama, hicho kimoja kikakataa. Baba yangu naye anayo mgongoni na dadake anazo kwa masikio yote mawili, kwa hivyo tafadhali mkiambiwa ni ya kurogwa jueni hii kitu hufuata damu, familia zingine wanayo na zingine hawana kabisa, na sisi wenye ngozi nyeusi inatushika zaidi kuliko wazungu. Mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30. Haiambukizi. Si saratani. Naandika hivyo kwa sababu kuna mtu alihama kiti kwa matatu ya Kondele akiniona, na sikuwa na nguvu ya kumfundisha siku hiyo.

Venye daktari wa ngozi alinielezea ni hivi. Ngozi ikiumia mwili unatuma seli zake zitengeneze kolajeni, ile protini ngumu ya kuziba kidonda, na kidonda kikishafunga zinatakiwa kupunguza kazi. Kwetu hazipunguzi. Ni kama fundi umemwita azibe ufa kwa ukuta, akaziba, halafu akaendelea kujenga hadi akatokea barabarani na hakuna mtu wa kumwambia imetosha. Ndio maana keloidi inatoka nje ya mpaka wa kidonda chenyewe, chunusi yangu ilikuwa ndogo kuliko punje ya dengu na saa hii nikiweka vidole viwili juu yake bado haijafunikwa. Kuna kovu lingine ambalo pia huvimba lakini linakaa ndani ya mstari wa kidonda na baada ya muda linaweza kushuka lenyewe, hilo si keloidi, na ni vizuri kujua ni gani unayo kwa sababu matibabu na matumaini hayafanani. Tena keloidi haina haraka, inaweza kungoja miezi mitatu, inaweza kungoja mwaka na zaidi, wewe umeshasahau kuna siku uliumia.

Sasa nikuje kwa kile kilichofanya nikae chini niandike.

Hii ya sikio ilikatwa nikiwa fomu tatu. Mama alinipeleka kliniki fulani ya kibinafsi, sitaitaja, daktari akaangalia akasema hii ni kitu ya dakika chache, akadunga ganzi, akakata, akashona, tukalipa, tukaenda nyumbani na furaha, hadi nikapiga picha. Hakusema turudi kwa lingine isipokuwa kutoa nyuzi. Hakuna mtu alituambia kuhusu sindano za baadaye wala hereni ya kubana wala kitu chochote. Sikio likakaa safi miezi kadhaa, halafu likaanza kuwasha kidogo kidogo kwa mstari wa nyuzi, na kufika wakati namaliza shule ilikuwa imerudi kubwa kuliko ya kwanza, imeshuka hadi ikawa inavuta sikio chini.

Na hii haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Kukata ni kidonda kipya, na keloidi inaishi kwa vidonda. Vitabu vya madaktari vinasema ikikatwa tu bila matibabu mengine, inarudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya watu. Soma tena hiyo namba halafu ufikirie mtu anakwambia ni kitu ya dakika chache. Sisemi kukata ni vibaya, hasa kwa sikio wengi hukatwa na ikafaulu, lakini kukata ni mwanzo wa matibabu. Baada ya hapo kuna sindano kwa mstari wa nyuzi kila baada ya wiki kadhaa, ama hereni maalum ya kubana ndewe ambayo unavaa masaa mengi kwa siku kwa miezi, ama mionzi. Mionzi ni ile mashine ya wagonjwa wa saratani, na inafanya kazi vizuri ikipigwa mapema, siku ya kukatwa ama siku moja mbili baadaye, kwa hivyo daktari wa kukata na watu wa mashine lazima wawe wamepanga pamoja kabla kisu kiguse ngozi. Mjamzito hapigwi, watoto pia wanaepushwa. Kwa hivyo swali langu kwa kila mtu mwenye ananiambia "nimepata daktari wa kunikata" ni moja tu, amekwambia baada ya hapo ni nini? Akikosa jibu, chukua mkoba wako.

Mimi saa hii niko kwa sindano. Dawa inaitwa triamsinoloni, ni ya jamii ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, inadungwa ndani ya keloidi yenyewe, na hapo ndio ngoma iko kwa sababu keloidi ni ngumu, dawa haitaki kuingia, unaona kabisa daktari anasukuma kwa kidole gumba hadi mkono unatetemeka. Inauma, wueh, sitakudanganya. Ya kifua inauma kuliko ya sikio. Siku hizi anachanganya na ganzi kidogo na anaenda polepole. Wanaanza na nguvu ndogo ama kubwa kulingana na unene wa keloidi, kati ya miligramu 10 na 40 kwa mililita, na unarudi kila wiki nne hadi sita. Kitu cha kwanza kuondoka kwangu ilikuwa kuwasha, kabla hata ishuke, na hiyo peke yake ilinifanya nilie hapo kwa cherehani. Kushuka kulikuja baadaye, polepole, katikati ikaanza kulainika halafu kingo.

Lakini mambo yake pia uyajue. Pale wamedunga ngozi imepauka, niko na duara jeupe jeupe kifuani ambalo wanasema hurudi rangi kwa muda, kwa wengine hairudi yote. Ngozi inaweza kuwa nyembamba, mishipa midogo myekundu ikaonekana. Siku zangu za mwezi zilivurugika na nikadhani ni kitu kingine kabisa, kumbe ni dawa inaweza kufanya hivyo. Na kama uko na sukari sema mapema, steroidi hupandisha. Wengine huchanganyiwa na dawa nyingine, floroyurasili, yenye kawaida hutumika kwa saratani, na wengine hugandishwa kwa nitrojeni ya baridi kali, hiyo inasaidia zile ndogo lakini kwa ngozi yetu inaacha doa jeupe kwa urahisi, mimi nilikataa.

Zile plasta za silikoni nilijaribu. Unatakiwa ukae nayo angalau masaa 12 kwa siku, kwa miezi, unaiosha unairudisha. Mtu aliyetengeneza hiyo kitu hajawahi kukaa chini ya bati mwezi wa pili na jasho la ziwa. Ilikuwa inateleza hadi inapatikana kwa sidiria, ikanitoa vipele, nikahamia silikoni ya jeli ya kupaka ambayo angalau inakauka. Faida yake ni zaidi kwa kovu jipya ambalo halijaota, kwa keloidi ya zamani usitegemee sana. Pia nimehamisha mkanda wa mkoba, siuvuki tena kifuani, na nguo zangu najishonea shingo ambayo haigusi pale. Hiyo ndiyo faida ya kuwa fundi.

Dawa za nyumbani, haya. Waya wangu, dadake baba huyo huyo, ni mtu wa ogaka, yaani aloe vera. Kila akinitembelea anabeba jani, "nyathina, paka hii, hizo sindano zitakumaliza." Naipaka mbele yake kwa heshima, inapoza, haidhuru, haijashusha kitu. Hiyo sina shida nayo. Shida yangu ni wale wa asidi ya betri, wa kufunga keloidi na uzi ama unywele ikauke idondoke, wa wembe, wa hizo mafuta za kuchoma zinauzwa kwa vidio za simu bila jina la chochote kilicho ndani. Nimekuambia keloidi inaishi kwa vidonda, sasa wewe umeipelekea kidonda kingine. Kuna msichana jirani yangu sokoni alichomwa hivyo na ya sikio ikapanda hadi shavuni. Na jambo lingine, kuna uvimbe wa ngozi ambao si keloidi na unaweza kufanana nayo, mwingine ni saratani kweli, kwa hivyo kitu kikiota mahali hukumbuki kuumia, ama kikianza kufanya vidonda na kutoa damu, kiangaliwe na daktari kwanza.

Kama kwenu ziko, mambo machache niliyowaambia wa nyumbani. Mtoto wa dadangu masikio hayatobolewi, bibi yake amenuna lakini ndio hivyo, kuna hereni za kubanisha tu bila kutoboa. Dadangu mwenyewe alipokuwa anaenda kujifungua kwa upasuaji alisema mapema kwamba kwetu tunaota, wakapanga jinsi ya kuangalia kovu lile tangu mwanzo, na ni vizuri alisema kwa sababu mimba yenyewe pia hufanya keloidi zikue. Kakangu anaambia kinyozi asishushe mashine hadi kwa ngozi kisogoni, vile vipele vya kisogo vinaanza na nywele kuvimba chini ya ngozi na vikiachwa vinakuwa manundu magumu. Chunusi ya kifua tibu ikiwa chunusi.

Pesa ndio inaamua mengi. Bima yangu iliniambia hayo ni mambo ya urembo, nikauliza kuwasha hadi usilale ni urembo wa aina gani, sikujibiwa. Kwa hivyo nimepanga. Ya kifua inaendelea na sindano hadi ilainike yote. Ya sikio tukikubaliana na daktari itakatwa tena, safari hii na ratiba ya sindano imeandikwa kwa kadi kabla ya siku ya kukata, na hereni ya kubana nimeshaiagiza. Ya bega haikui, haiwashi, inafunikwa na mkono wa blauzi, hiyo nimeiacha kwanza.