Habari za simu zinazoletwa na wasomaji wenyewe

Siku hizi ukienda Kariakoo kununua iPhone used, kitu cha kwanza unafungua setingi unaangalia afya ya betri, kama ni asilimia 91 au 78, hapo ndo bei inaanza kuongeleka. Wengi wanadhani hiyo sehemu ilikuwepo tangu zamani. Haikuwepo, imekuja 2018, na chanzo chake ni mtu wa kawaida kabisa aliyeandika kitu Reddit, mtandao wa majadiliano.

Ilikuwa Desemba 2017. Jamaa ana iPhone 6s imekuwa nzito balaa, anamwangalia ndugu yake mwenye 6 Plus, simu ya zamani kuliko yake, mbona yake inakimbia? Akapima spidi kwa Geekbench, programu ya kupima simu ambayo namba ikiwa kubwa ndo spidi kubwa, akapata 1466, akabadilisha betri, akapima tena, 2526. Simu ileile, betri tu ndo mpya. Akaziweka namba zake hadharani, na wenzake nao wakaanza kupima za kwao, mpaka John Poole mwenye hiyo Geekbench akaingia kwenye vipimo vya watumiaji alivyokuwa navyo akachora grafu, na grafu zikaonyesha wazi kwamba baadhi ya simu zilianza kupungua spidi baada ya apdeti. Tarehe 20 mwezi huohuo Apple wakakiri kwamba programu yao inapunguza spidi ya simu zenye betri iliyochoka. Mwaka haujaisha wakaomba radhi, bei ya kubadilisha betri Marekani ikashuka kutoka dola 79 hadi 29, na 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi waliyofunguliwa na wateja.

Sababu yao kiufundi ilikuwa na maana, maana betri ikizeeka haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa mpigo, simu inazima ghafla na chaji bado ipo. Lakini hawakusema! Mtu anaona simu imechoka anaenda kununua nyingine, kumbe alihitaji betri tu. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

Na ndo maana nazipenda hizi tovuti ambazo habari zinaletwa na wasomaji. Kurasa nyingi za teknolojia zinakwambia simu mpya imezinduliwa, kamera yake hivi, rangi zake hivi, mwandishi amekaa nayo siku chache karudisha. Mwaka wa pili wa hiyo simu anaujua nani? Anaujua aliyeinunua kwa hela yake.

Slashdot walianza hivyo tangu 1997, Rob Malda akiwa bado mwanafunzi huko Michigan, wasomaji wanatuma habari, na baadaye wasomaji wengine wakaanza kuyapa maoni alama kuanzia -1 hadi 5, ukitaka unasoma ya alama za juu tu. Hacker News ilikuja 2007, yenyewe ni maandishi matupu, haili bando kabisa, kwa mtu anayeunga bando la siku hiyo ni kitu kikubwa sana.

Uongo upo, na mashabiki wa kampuni wapo kibao. Mimi namwamini anayetaja modeli, toleo la programu, alichofanya na alichopata, kiasi kwamba na mimi nikitaka naweza kujaribu nikaona kama ni kweli. Anayesema tu simu fulani ni takataka nampita.

Sasa kuna kitu kimoja, hizo tovuti zinajua sana iPhone na Pixel kwa sababu ndo simu wanazotumia wasomaji wao. Sisi mikononi tuna Tecno, Infinix na Itel. Nani ataandika kwamba modeli fulani ikipokea apdeti inaanza kula chaji, au betri gani ya dukani inakaa na ipi inavimba? Mafundi wetu wanafungua hizi simu kutwa nzima, wanajua mengi mno na hayaandikwi popote, yanabaki hapohapo mezani kwa fundi. Kwahiyo ndugu yangu, kama umebadilisha betri ya Tecno yako andika hapo chini ni modeli gani, ulilipa shilingi ngapi na baada ya miezi sita ikoje, na kama una fundi wako muulize ni simu gani inarudi mara kwa mara na inarudi na tatizo gani.