Nilivyookoa rangi za picha ya bibi

"Mwanangu, mbona bibi yako amekuwa mwekundu hivi?"

Mama alikuwa amesimama kwenye korido, mbele ya ubao ninaobandika picha za familia. Mimi hupita hapo kila siku, na ndiyo maana sikuwa nimeona kitu. Yeye alikuwa hajaja kwangu kwa karibu mwaka mzima. Nilisogea nikatazama. Kweli, kitambaa cha kichwani cha bibi, ambacho sote tunakijua kuwa cha buluu iliyokolea, kilikuwa kijivu chenye wekundu. Anga nyuma yake ilikuwa rangi ya vumbi, na uso wake umewiva kama wa mtu mwenye homa.

Picha hiyo niliichapa mwenyewe kwa printa ya wino ya nyumbani, miezi michache kabla bibi hajafariki. Ndiyo picha ya mwisho aliyopigwa akicheka. Simu niliyompigia picha iliharibika kabla sijazihamisha picha zake, kwa hiyo kumbukumbu yote ya siku ile ilikuwa imebaki kwenye karatasi hiyo moja. Nilishikwa na hofu.

Kilichonitatiza ni kwamba korido yangu haina dirisha. Siku zote nilijua kuwa adui wa picha ni jua, na kwa sababu hiyo hasa picha ya bibi niliiweka kivulini. Sebuleni nina picha nyingine niliyoichapa wiki ileile, kwa printa ileile na wino uleule, kwenye fremu ya kioo inayotazamana na dirisha. Hiyo ilikuwa imepauka kidogo tu. Kama jua ndilo linalokula rangi, lilifikaje kwanza kwenye picha ambayo haliifikii?

Jibu lilikuwa kwenye kona ya picha yenyewe. Nilipoibandua ubaoni, niliona kwamba picha nyingine ilikuwa imelala juu ya kona yake ya chini, imefunika kama upana wa vidole vitatu, pamoja na ncha ya kile kitambaa. Chini ya picha ile, buluu ilikuwa nzima kama siku nilipoichapa. Mpaka kati ya buluu hiyo na ule wekundu ulinyooka kama umepigwa rula. Mwanga wa korido ni wa taa moja hafifu inayowashwa usiku. Haukuwa na nguvu ya kufanya kazi ile kwa mwaka mmoja. Kitu kingine kilichokuwa kikigusa picha nzima isipokuwa kona hiyo ni hewa. Na mwisho wa korido kulikuwa na feni yangu, ikipuliza kutwa kucha.

Nilisoma sana baada ya hapo. Hewani mna ozoni, ile oksijeni yenye atomi tatu. Huko juu angani inatukinga, lakini huku chini huzalishwa jua linapopiga moshi wa magari na viwanda, na pia na baadhi ya vifaa vya umeme, kama vile visafisha hewa vinavyotoa ioni na mashine za zamani za fotokopi. Ozoni huvunja molekuli za rangi. Katika wino nyingi za printa, rangi iliyo dhaifu zaidi mbele yake ni sayani, yaani ile buluu ya katriji. Sayani ikiondoka, majenta (ile nyekundu ya katriji) na manjano hubaki peke yao, na picha nzima huelekea kwenye wekundu au rangi ya chungwa. Mwaka 2000 wapiga picha wengi walikumbana na jambo hilihili: picha za printa mpya zilizosifiwa kudumu miaka mingi ziligeuka rangi ya chungwa ndani ya wiki au miezi, hata zisizopigwa na jua. Ilikuja kubainika kuwa ozoni ilihusika. Na feni inayosukuma hewa juu ya picha huileta ozoni mpya kila dakika, pale ambapo hewa tulivu ingekuwa imekwisha nguvu.

Karatasi nayo ilikuwa na sehemu yake. Nilikuwa natumia karatasi ya kung'aa inayokauka papo hapo, na nilikuwa naisifia kwa hilo. Hukauka upesi kwa sababu uso wake umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza wino. Vinyweleo hivyo havijifungi. Wino unakaa humo, na hewa inaingia humo. Ipo aina nyingine ya karatasi ambayo uso wake ni utando unaovimba ukipata wino kisha unafunga rangi ndani yake. Hiyo huchelewa kukauka na huharibika kwa urahisi ikiloa, lakini hewa haipenyi kwa wepesi. Ukitaka kuzitofautisha, lowesha ncha ya kidole kidogo na ukiguse kipembe cha karatasi tupu: ya utando unaovimba itanata, ya vinyweleo haitanata.

Kabla ya kujaribu lolote niliiokoa kwanza picha ya bibi. Niliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, biti 16 kwa kila rangi, na faili nikalihifadhi sehemu tatu tofauti. Kisha ile kona iliyofunikwa ikawa mwongozo wangu. Sikuhitaji kukumbuka rangi ya kitambaa wala kubishana na Mama kuhusu buluu yake, maana ilikuwa pale pale, kandokando ya buluu iliyokufa. Kwenye programu ya kuhariri picha nilitenga ile kona, kisha nikaishughulikia sehemu iliyofifia peke yake, nikipunguza chaneli ya nyekundu kidogo kidogo, zaidi kwenye sehemu za giza, mpaka ule mstari ulionyooka kama rula ukapotea machoni. Ilinichukua jioni tatu. Ngozi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu kona haikuwa na ngozi hata kidogo. Hapo nilimwita Mama akae kando yangu, akawa ananiambia, "Bado, bado kidogo... Hapo. Huyo ndiye mama yangu." Sikugusa tena.

Sasa nilikuwa na faili, lakini sikutaka kulichapa kwa njia ileile ya zamani. Nikafanya jaribio. Nilichapa ukurasa wenye miraba ya rangi, buluu, kijani, nyekundu, kijivu na rangi ya ngozi, kwenye karatasi mbili tofauti, kwa wino wa kujazia niliokuwa nao na kwa wino wa printa ya rafiki yangu inayotumia pigimenti, yaani wino wa chembe ngumu badala ya rangi iliyoyeyuka. Kila ukurasa niliukata vipande vinne. Kimoja kilikwenda dirishani, nusu yake nimeifunika kwa karatasi ya alumini. Kimoja kikarudi koridoni, wazi, mbele ya feni. Kimoja nikakiweka kwenye fremu yenye kioo. Cha mwisho nilikitia kwenye bahasha ndani ya droo kiwe cha kulinganishia, na bila hicho jaribio lote lisingekuwa na maana, kwa sababu jicho husahau.

Baada ya miezi minne, kipande cha wino wa kujazia kwenye karatasi ya vinyweleo kilichokaa koridoni kilikuwa kimeshaanza wekundu uleule wa bibi. Cha dirishani kilikuwa kibaya zaidi, lakini kwa namna nyingine: rangi zote zilikuwa zimepungua pamoja, kana kwamba mtu ameipaka picha maziwa, na nusu iliyokuwa chini ya alumini ilikuwa salama. Kwa wino huohuo, karatasi ya utando ilivumilia korido vizuri sana, lakini dirishani haikuwa na nafuu ya maana. Kilichokuwa nyuma ya kioo, mbali na dirisha, sikuweza kukitofautisha na cha kwenye bahasha. Pigimenti ilisimama imara kila mahali, isipokuwa dirishani ambako manjano ilikuwa imelegea kidogo.

Sababu ya pigimenti kuwa ngumu si siri. Wino wa kawaida wa picha ni rangi iliyoyeyuka kabisa, kila molekuli imesimama peke yake mbele ya mwanga na hewa. Pigimenti ni chembe ngumu, ndogo mno, lakini kila moja ina molekuli nyingi zilizoshikana. Za nje zikiliwa, za ndani bado zipo. Ina gharama zake: printa isipotumika mara kwa mara matundu yake huziba, na kwenye karatasi ya kung'aa sana picha hutoa mng'ao wa shaba ukiitazama kwa upande. Mimi niliikubali kwa picha za kutundika. Kwa picha za kuweka albamu bado natumia wino ulioyeyuka, lakini ule wa mtengenezaji wa printa, kwa sababu wino na karatasi zilizotengenezwa pamoja ndizo zinazopimwa pamoja.

Hapo kwenye vipimo nina jambo la kusema. Maabara ya Henry Wilhelm huko Grinnell, Iowa, nchini Marekani, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa kupima muda wa kudumu wa picha za printa. Makadirio yake ya miaka ya picha iliyotundikwa hutokana na mwanga wa lux 450 (lux ni kipimo cha mwangaza) kwa saa 12 kila siku. Ukuta unaopigwa na jua la moja kwa moja hupata maelfu mengi ya lux. Kwa hiyo ukiona miaka mingi kwenye pakiti, tafuta pia imeandikwa kwa hali gani, nyuma ya kioo au wazi. Mimi sikuwahi kuyasoma maandishi hayo madogo mpaka nilipoumia.

Picha ya bibi niliichapa kwa pigimenti, kwenye karatasi isiyong'aa, ile isiyotiwa dawa ya kung'arisha weupe. Dawa hizo huifanya karatasi ionekane nyeupe ya samawati, lakini hupoteza nguvu kwa muda na karatasi ikaonekana ya manjano. Kisha nikaiacha ikauke kwa siku mbili, juu yake nimeweka karatasi ya kawaida ya kuandikia ambayo niliibadilisha mara mbili. Hili nililijifunza kwa picha ya sebuleni, niliyoitia kwenye fremu saa moja tu baada ya kuichapa. Baada ya wiki chache kioo kilipata ukungu kwa ndani. Kushika karatasi ukaona imekauka hakutoshi, maana vimiminika vizito vya wino hubaki vikitoka taratibu, na vikikosa pa kwenda hutua kwenye kioo. Karatasi ya kuandikia huvinyonya.

Ndani ya fremu niliweka kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati, ili picha isigusane na kioo. Picha iliyolala moja kwa moja kwenye kioo huweza kuganda humo ikipata unyevu, na haibanduki tena bila kuchanika. Nyuma niliziba mzunguko wote wa fremu kwa utepe wa karatasi, hewa isipate pa kuingilia. Kioo cha kawaida huzuia hewa vizuri sana, lakini mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huizuia kwa sehemu tu, na mwanga wa kuonekana nao hula rangi. Vipo vioo na akriliki zilizotiwa kinga ya urujuanimno, na kwa picha hii sikusita. Lakini bado sikuitundika mkabala na dirisha. Iko kwenye ukuta wa pembeni, ambako hata alasiri jua haligusi.

Vanishi ya kupuliza niliijaribu kwenye vipande vya ziada. Inasaidia kwa picha zisizo na kioo, hasa dhidi ya hewa, ukipaka tabaka nyepesi mbili au tatu, nje ya nyumba, umevaa barakoa, na wino ukiwa umekauka kabisa. Kufunika kwa plastiki ya moto, ile laminesheni, sikutaka kwa picha ya aina hii. Ikikosewa, hairudishiki.

Albamu zangu nazo nilizipitia zote. Ile ya kurasa zenye gundi chini ya plastiki niliiondoa siku hiyohiyo, kwa sababu gundi yake ilikuwa imeshageuka manjano na picha mbili zilikataa kutoka. Nyingine ilinuka plastiki mpya hata baada ya miaka, na harufu hiyo kwa kawaida ni dalili ya PVC, plastiki isiyofaa kuhifadhia picha. Nilihamishia picha kwenye mifuko ya plastiki nyingine, polipropilini. Ndani ya albamu iliyofungwa, gizani, bila hewa inayotembea, hata vile vichapo vya wino dhaifu vimetulia.

Feni nimeihamisha, na ubao wa korido bado upo, ila sasa nabandika hapo nakala tu, zile ambazo faili lake ninalo na ninaweza kuzichapa upya wakati wowote.

Kipande kidogo cha majaribio ya picha ya bibi, chenye buluu ya kitambaa na sehemu ya shavu, kimo kwenye bahasha ndani ya droo, kimeandikwa tarehe kwa nyuma. Mama akija huniomba bahasha hiyo kabla hata hajakaa. Anakwenda nayo ukutani, anakishika kile kipande kando ya fremu, anatazama huku, anatazama kule. Alifanya hivyo mara ya mwisho mwezi uliopita, akanirudishia bahasha, akasema, "Ni yuleyule."