Fundo langu ndani ya mtaro

Jumamosi iliyopita nilifukua mtaro ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Wete, Pemba. Mvua za masika ziliuziba, maji yakatuama mpaka karibu na mlango wa jiko, na mbu wakatuandama usiku kucha. Nilitoa makuti, vifuu, kandambili moja, na vifuko vya plastiki vya barafu. Hivyo vifuko ndivyo vilivyojaza ndoo. Na nilivitambua, maana mimi nikifunga barafu hupiga fundo mara mbili kisha naipenyeza ncha chini yake, kama mama anavyofunga vitita vyake vya ukili.

Mwaka wa nne huu nauza barafu za ubuyu na ukwaju, mia mbili moja, kwa watoto wanaotoka skuli. Siku zote nikiwalaumu wengine kwa uchafu. Nilikaa ukingoni mwa mtaro na ndoo yangu, nikaona haya.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Nilikuwa kigori, nasaidia dukani kwa baba. Mteja akija kununua kilo mbili za mchele wa mapembe na sukari tulikuwa tukimuuliza, "Nikutilie wapi?" Wazee hawakubabaika hata kidogo. Walirudi kwenye vikapu vyao vya ukili, na samaki wakabebwa kwenye pakacha kama zamani. Mama husuka pakacha kwa kuti bichi akiwa amesimama anazungumza, na kabla hadithi yake haijesha pakacha liko tayari. Likichakaa unalitupa chini ya mgomba, linaoza, basi. Kikapu ni kazi nyingine: miyaa ikatwe, ianikwe, ichanwe, isukwe ukili, ndipo ushonwe. Ni siku kadhaa za mikono ya mtu, na bei yake lazima ilipe siku hizo.

Lakini sisi ni kisiwa, na vitu vyetu vingi huja kwa chombo. Bara mifuko ile iliendelea kuwa halali kwa miaka kumi na mitatu baada yetu, kwa hiyo ilivuka bahari ndani ya magunia ya bidhaa nyengine. Nayasema niliyoyaona: ilikuwa inauzwa chini ya meza, na mwenye duka aliyefuata sheria alipoteza wateja kwa jirani yake asiyefuata. Baba alikuwa mmoja wa waliopoteza. Kenya walipofunga mlango Agosti 2017, kisha Bara tarehe 1 Juni 2019, ndipo nilipoona mifuko ya kubebea inaadimika kwelikweli sokoni. Ndiyo maana sikubali mtu anayesema marufuku ya 2006 ilikuwa kazi bure. Ilikuwa sahihi, ila ilisimama peke yake baharini.

Kilichobaki sasa ni hivi vidogo. Kifuko cha barafu, cha ubuyu, cha urojo wa kuchukua nyumbani. Na ile mifuko mbadala yenye sura ya kitambaa, watu wengi hawajui kwamba si pamba, ni polipropilini, plastiki ileile iliyobadilishwa umbo. Ikichanika inaachia nyuzi, na nyuzi zile nimeziona zimejizonga kwenye mikoko huko chini bandarini.

Mfuko wa kubebea ulikuwa na kikapu cha kushika nafasi yake. Kifuko cha barafu hakina mrithi. Bibi zetu hawakuwa na friza, kwa hiyo hakuna cha zamani cha kurudia. Lazima tubuni wenyewe.

Jumatatu nilinunua vikombe arubaini vya stili, vile vidogo vya kahawa ya maziwa. Barafu nagandisha humo. Mtoto akija nakichovya kikombe kwenye maji, barafu inaachia, anaila kwa kijiko hapo hapo barazani, kikombe kinabaki. Nilizoea kuuza sitini kwa siku; siku ya kwanza ya vikombe nikauza ishirini na tisa. Watoto wanataka kutembea huku wakifyonza, na mama mmoja alinijia juu kwamba mwanawe anachelewa chuoni, kwenye Kurani, kwa sababu ya baraza langu. Nilimwomba radhi, maana chuo ni chuo. Sasa wa chuoni nawapa kwanza.

Vikombe vitano vimeshapotea. Fedha ya friza bado inadaiwa, na wiki hii sikupeleka kitu kwenye kikoba chetu cha akiba. Vifuko nilivyobakisha, pakiti mbili nzima, nimevifungia kabatini kwa sababu sijapata pa kuvipeleka ambako havitafika mtaroni.

Jana jirani anayeuza urojo alikuja kuvitazama vikombe vyangu, akavigeuzageuza, akauliza bei. Jioni niliona amening'iniza kipande cha boksi mlangoni kwake: njoo na bakuli lako, nakuongeza bajia moja.

Vuli ikianza nitaufukua tena ule mtaro, nitazame mafundo.