Siku moja maishani mwangu: kibarua wa karatasi mpakani Malaba

Nikisema nafanya kazi mpakani, jambo la kwanza watu hunifanyia ni kunikopa. Wanaona malori, wanaona wabadilisha fedha wameshika mabunda barabarani, basi wanajua kila anayeshinda pale anavuna. La pili ni kuniuliza nawala madereva kiasi gani "kando". Nimechoka kujieleza mmojammoja, kwa hiyo naandika siku yangu ya jana ilivyokwenda. Mimi ni kibarua katika ofisi ya uwakala wa forodha, Malaba upande wa Uganda. Ofisi siitaji, bado naihitaji.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, na kabla ya maji wala chai naangalia simu. Kibarua haendi kazini kwa sababu ni Jumatano, anaenda kwa sababu ameitwa. Ujumbe wa bosi ukiingia, siku ninayo. Usipoingia hadi saa kumi na mbili, nafua nguo na kukokotoa upya kodi ya nyumba. Jana uliingia saa kumi na moja na dakika arobaini, neno moja tu: "Njoo."

Kutoka chumbani kwangu hadi geti ni mwendo wa miguu. Bodaboda naiachia siku ya mvua. Ofisini nachukua reflekta na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Wenzangu wa kudumu wana kadi zenye picha na jina. Yangu imeandikwa MGENI, na jioni nairudisha kwenye droo.

Saa moja hadi saa nne hazina hadithi. Napokea karatasi dirishani, nakagua kama namba ya kichwa cha lori na ya trela zinalingana na zilizoandikwa, natoa nakala, nakimbia jengo la forodha, narudi, nakimbia tena. Malaba ni kituo cha pamoja: lori linalotoka Kenya husimama mara moja tu, upande wetu, na maofisa wa nchi zote mbili wanalishughulikia palepale. Wakongwe waliosimama mara mbili enzi zile hutuambia sisi tumekuta kazi imelainishwa. Labda. Miguu yangu haijapata habari hizo.

Saa nne nikala kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharagwe, nimesimama. Mtu akitaka kuijua Uganda ya kibarua, aanzie hapo kwenye sahani. Kima cha chini cha mshahara cha nchi hii kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mpaka leo hakijabadilishwa. Kwa mwezi! Siku hizi pesa hiyo hainilishi hata wiki moja ya kikomando.

Na nikiwa bado kwenye sheria: kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne, akivuka hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zinazokwenda nao. Bosi wangu anaijua kanuni hiyo kuliko wakili. Ndiyo maana karatasi yangu huwa ya miezi mitatu, kisha "napumzika" wiki mbili, kisha naitwa upya kama mtu ambaye hajawahi kuonekana pale. Fomu najaza tena, picha ya pasipoti naleta nyingine. Kuna kijana tuliyeanza naye, alipumzishwa mara ya pili na hajaitwa mpaka leo. Huwa napita anapouza vocha nje ya geti, tunasalimiana, hatuzungumzii kazi. Akiba ya NSSF nayo, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, akate asilimia 5 ya mshahara na yeye aongeze 10. Nikifungua akaunti yangu naona michango ya duka la vifaa nililofanyia kazi Mbale, imegota palepale nilipoiacha.

Cheti cha uwakala ninacho, mtihani nilifaulu. Nisichokuwa nacho ni paswadi. Mimi naandaa kila kitu, halafu kaka mmoja wa kudumu anaingia kwenye mfumo wa forodha kwa jina lake na kubonyeza. Ni mtu mwema, sina neno naye. Ila jana saa tatu alikuwa ameondoka kwenda mazishi ya shemeji yake kijijini, ng'ambo ya Tororo, na simu yake ilikuwa imezimwa kama ilivyo adabu ya msibani.

Saa tano akaja mzee wa vigae.

Dereva wa makamo, wa Mombasa, amebeba kontena la vigae linalokwenda Juba kupitia Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Mzigo wa kupita namna hiyo haulipiwi kodi Uganda. Unavuka kwa dhamana na kufungwa sili ya kielektroniki inayofuatiliwa njia nzima, usije ukateremshwa gizani Lira au Gulu ukauzwa. Kwa hiyo namba ya kontena ndiyo roho ya karatasi. Nikatoka naye hadi yadi, nikasoma mlangoni. Mlango ulisema 74 mahali ambapo karatasi ilisema 47.

"Mzee wangu, namba hazilingani."

"Binti, nimelala Eldoret, nimeamka saa nane usiku niwahi foleni, halafu unanisomea namba?"

"Si mimi, mzee, ni karatasi. Imetoka Mombasa hivi."

"Mombasa natoka mimi. Wewe umefika lini?"

Akaniangalia shingoni. "Kumbe mgeni! Wewe si kibarua tu? Niitie mwenye ofisi."

Nilimpeleka kwa ofisa wa forodha badala yake, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Namba isiyolingana humfanya ofisa awaze kwamba kontena limebadilishwa njiani. Ofisa akasema lifunguliwe, mzigo ushushwe, uhesabiwe. Vigae! Kontena zima, boksi kwa boksi, na wapakuzi wa kulipwa. Mzee akaketi chini kwenye lami, akavua kofia.

Sasa hapa niruhusuni nijisifu kidogo, maana ofisini hakuna atakayenisifu. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba. Ile tarakimu ya mwisho, iliyochorewa kisanduku mlangoni, haichaguliwi na mtu. Kila herufi na kila tarakimu iliyotangulia ina thamani yake. Unazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyohivyo ukiongeza maradufu hadi 512, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho kinachokaa kisanduku (kikibaki 10, huandikwa 0). Nikageuza risiti ya kikomando, nikapiga hesabu ya namba ya mlangoni: ikakubali. Nikapiga ya kwenye karatasi: ikakataa. Maana yake namba ya kwenye karatasi haiwezi kuwa ya kontena jingine lolote lililosajiliwa sawasawa. Haikubadilishwa njiani. Ni kidole cha mtu wa Mombasa kilichoteleza.

Ofisa akachukua kalamu, akarudia hesabu yangu yote polepole, huku foleni ikinung'unika nyuma yetu. Akaangalia sili ya mlangoni, nzima. Akasema, "Sawa. Leteni ombi la marekebisho kwenye mfumo, sitashusha." Akasaini ile risiti, sijui kwa nini, labda kwa mazoea.

Ombi la marekebisho. Kwenye mfumo. Kwa paswadi.

Ilikuwa kama saa saba. Nikampigia kaka, imezimwa. Nikampigia bosi, akasema yuko Kampala kwenye kikao, nimsubiri kaka. Wa kudumu mwingine mwenye paswadi yuko likizo, likizo yenye malipo, neno ambalo mimi huliona kwenye mikataba ya watu. Nikaandaa ombi lote, nikaliacha tayari kwenye kompyuta, limebaki kubonyezwa tu. Nalijua lile ombi kuliko atakayelibonyeza.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Malori mengine yaliendelea kuja, nami nikaendelea kukimbia, na kila nikipita yadini mzee alikuwa na neno. Aliwaambia madereva wenzake kwamba kuna msichana wa majaribio ameshika gari lake. Alimtumia tajiri wake ujumbe wa sauti huku ananitazama usoni: "Hapa wametuwekea watoto, tajiri, watoto wasiojua kazi." Alikuja dirishani kuuliza, akaenda, akarudi kuuliza lilelile. Jua la saa tisa Malaba linapiga mabati ya ofisi mpaka unasikia kichwa kinachemka. Nilitamani kumwambia kwamba bila risiti yangu wangekuwa wanashusha vigae saa hizi. Sikumwambia. Huyu analipwa kwa safari, si kwa siku, kila saa anayosimama hapa anakula mfuko wake. Hasira yake niliielewa. Kuielewa hakukuifanya ikae mbali na sikio langu.

Kuna wakati nilikwenda chooni nikakaa tu.

Kaka alifika na bodaboda jua likianza kushuka, bado amevaa kanzu ya msiba, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikampa pole, akaketi, akabonyeza. Kazi ya dakika moja. Marekebisho yalirudi yamekubaliwa kabla ya adhana ya magharibi, mzee akapanda garini. Kabla ya kuondoka alitoa simu, akapiga picha sehemu ya chini ya karatasi penye jina la aliyeshughulikia. "Hili jina nalipeleka kwa tajiri," akaniambia. Jina lenyewe ni la kaka, aliyekuwa mazikoni siku nzima. Sijui kama anampeleka kusifiwa au kushtakiwa, na kaka nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.

Tukiwa tunafunga, alininong'oneza jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko mzee: huenda wakamhamishia Elegu, na akiulizwa nani akae kitini pake atanitaja mimi. Nikamwandikia bosi ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena kwa adabu zaidi. Akajibu saa tatu usiku: "Tutaongea Ijumaa." Wenye karatasi ya miezi mitatu wanazijua Ijumaa hizo. Moja ilipita kabla ya Krismasi, nyingine kabla ya Pasaka, na bosi alikuwa safarini zote mbili.

Karatasi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Ijumaa naingia na nakala ya ombi la marekebisho pamoja na ile risiti yenye saini ya ofisa, nimuwekee mezani kabla hajafungua kompyuta, kisha niulize kuhusu kiti na paswadi kwa maneno hayohayo mawili. Na asipokuwepo, maombi ya kazi ya Busia, mpaka wa jirani, nimeshayatuma.