Namna Nilivyopata Mbao za Dawa za Kweli kwa Paa Langu la Pili

Mwaka 2016 fundi aliyekuja kuziba bati lililokuwa likivuja katika nyumba yangu ya Kibaha alishuka ngazi akiwa na kipande cha papi, ubao mwembamba unaopigiliwa bati, mkononi, akakifinya kwa vidole viwili mbele yangu, nacho kikapondeka kama mkate uliokauka. "Bosi, huko juu hakuna mbao tena, limebaki ganda," alisema. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini kwa njia zao za udongo kupitia ufa mwembamba wa ukuta, wakala kenchi tatu, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na papi zake kwa ndani, wakaiacha ngozi ya nje ikiwa nzima. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba ngozi hiyo ilikuwa bado ya kijani, kwa kuwa miaka saba kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa mbao hizo kama mbao za dawa, zile zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa na kuoza, na kwa bei ya mbao za dawa.

Nilipokata kwa msumeno ubao mmoja ambao mchwa walikuwa hawajaufikia, niliona ukijani ukiishia kwenye unene wa ukucha, na kuanzia hapo paini ilikuwa nyeupe kama siku ilipopasuliwa. Mbao zile zilikuwa zimechovywa tu kwenye pipa, au pengine zimepakwa rangi. Mchwa hawakuwa na haja ya kuigusa ngozi hiyo, kwani walipata mlango kwenye kila ncha ambayo mafundi wangu walikuwa wameikata, na kwenye mipasuko iliyofunguka mbao zilipokauka juu ya paa.

Kabla ya kununua mbao nyingine nilipanda basi hadi Mafinga, wilayani Mufindi, ambako msitu wa paini wa Sao Hill unafuatana na barabara kuu iendayo Mbeya, na ambako mbao nyingi za paini tunazopaulia huku Pwani hutoka. Mhudumu wa karakana moja ya kutia dawa alikuwa na subira ya kunieleza mambo ambayo mimi, mwalimu wa hesabu, ningepaswa kuyauliza miaka saba mapema. Mbao hupangwa kwenye kitoroli na kusukumwa ndani ya tangi refu la chuma lililolazwa, mlango ukafungwa, kisha pampu ikanyonya hewa iliyomo tangini na ndani ya mbao zenyewe. Dawa, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki ulioyeyushwa katika maji, huachiwa ijae, halafu pampu nyingine huisukuma kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara kumi ya lile la hewa ya kawaida, hadi mbao zinapokuwa hazipokei tena. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua wadudu pamoja na kuvu wale wanaoistahimili shaba, na kromi huzigandisha hizo mbili kwenye mbao ili mvua isizioshe. Ugandaji huo huendelea kwa siku kadhaa au hata wiki baada ya mbao kutolewa tangini, na ndiyo sababu mbao zinazochuruzika maji ya kijani hazifai kupakiwa wala kushikwa.

Jambo lililonifungua macho kuliko yote ni unyevu. Ubao mbichi una maji yake ndani, na mahali palipojaa maji dawa haina pa kuingia, kwa hiyo hata tangi zuri kuliko yote likipewa mbao zilizopasuliwa jana litatoa mbao za kijani zenye moyo mtupu. Mhudumu alisema wao hawapokei mbao zenye unyevu unaozidi asilimia 25 au 30 hivi, na akanionyesha kipimo chenye sindano mbili kinachochomekwa ubaoni. Aliniambia pia kwamba sehemu ya nje ya mti wa paini hunywa dawa vizuri, ilhali kiini cha katikati huikataa. Nikijumlisha hayo nilielewa kwa nini si kila weupe ndani ya ubao ni udanganyifu.

Mbao zenyewe nilizinunua Dar es Salaam, kwa sababu ya gharama ya usafiri. Katika duka la kwanza nilimwambia kijana aliyekuwa akiuza kwamba nitalipia ubao mmoja wa mbili kwa nne kwa sharti la kuukata palepale, na ukatwe katikati, si futi moja kutoka nchani, maana dawa hupenya kirahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi, na ncha yaweza kuonekana imeiva wakati katikati ni pabichi. Alicheka, akasema, "Mzee, mbona hizi zinajulikana." Nilipoukata, ukijani ulikuwa kama ule wa nyumbani kwangu. Duka la tatu ndilo lililonipa ubao ambao sehemu yote ya nje ilikuwa imeshika rangi hadi kwenye kiini, na muuzaji akawa na karatasi ya karakana inayotaja tarehe ya kutiwa dawa na kiasi kilichoingia kwa kila mita ya ujazo. Kiasi hicho ndicho cha kuulizia, kwa kuwa mahitaji hayalingani: viwango vya Marekani, kwa mfano, hutaka kilo 4 kwa mbao zinazokaa juu bila kugusa ardhi na kilo 6.4 kwa zinazochimbiwa chini.

Dawa haiongezi nguvu ya ubao hata kidogo, na hapa naona wengi hukosea kwa furaha ya kuona kijani. Niliuinua ubao mmoja mmoja nikautazama kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha, nikakataa uliopinda, wenye vifundo vikubwa ukingoni, na ule ambao duara zake za mwaka zilikuwa pana sana, dalili ya mti uliovunwa ungali mchanga. Nilikwenda pia na futi kamba, kwa kuwa mbili kwa sita ya dukani mara nyingi hupunjwa robo inchi au zaidi, na mhandisi aliyenichorea kenchi alikuwa amehesabu vipimo kamili. Baada ya hapo nilizipanga mbao kivulini kwa wiki tatu, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, kwa sababu kutiwa dawa huzilowesha upya, na zikikaukia juu ya paa hujipinda na kulegeza misumari.

Kwenye ujenzi mgogoro ulikuwa mmoja: kukata. Fundi mkuu aliona ni usumbufu kupaka dawa ya shaba kwa brashi kila ncha aliyoikata, akapendekeza oili chafu kama alivyozoea. Oili chafu hubaki juujuu, hunuka, na hulisha moto, kwa hiyo nilimweka kijana mmoja awe na kopo na brashi, kazi yake ikawa hiyo tu. Nguzo za baraza hatukuzichimbia. Tulizisimamisha juu ya vikombe vya chuma vilivyofungwa kwenye zege, ncha isiyokatwa ikiwa chini. Misumari na boliti zilikuwa zilizochovywa kwenye zinki, kwa kuwa shaba ikikutana na unyevu hula chuma kitupu. Reli ya baraza, ambayo wajukuu huishika kutwa, niliitengeneza kwa mninga usiotiwa dawa. Marekani iliacha kutumia mbao za dawa ya aina hii katika ujenzi wa nyumba za watu mwishoni mwa mwaka 2003 kwa hofu ya aseniki, na sikuona sababu ya kubishana na hofu hiyo mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Mama lishe aliyekuwa akiwapikia mafundi aliniomba vipande vilivyobaki: "Baba, si unipe nikachochee, vinakauka tu hapo." Nilimkatalia, akanuna, mpaka nilipomweleza kwamba aseniki haiteketei motoni; sehemu yake hupanda na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu, yale yale anayosugulia masufuria. Nilimnunulia gunia la mkaa. Vipande virefu tulivipachika katikati ya kenchi kama vikazio, vumbi la msumeno tulikuwa tumelikinga kwa turubai tangu mwanzo, na mabaki yakaenda na gari la taka.

Mwaka wa tatu nilipanda darini na tochi nikakuta njia moja ya udongo imepanda ukutani, imepita juu ya ubao wa kijani bila kuugusa, na kuishia kwenye brandaringi, yaani fremu za mbao zinazoshikilia dari, ambazo nilizinunulia mbao zisizo na dawa ili kuokoa pesa. Tulibomoa dari ya chumba hicho, tukaziba ufa, na brandaringi mpya nilizikatia msumeno dukani kabla ya kulipa.